Mabehewa ya HO kwa treni ya Pennsylvania ya mwaka 1952: seti niliyoanza nayo na mabehewa yaliyochukua nafasi yake

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikikusanya mabehewa ya abiria ya skeli ya HO, ambayo hupunguza kila kitu mara 87 na kidogo, kwa lengo la kupata treni moja tu: treni ya kawaida ya usiku ya Pennsylvania Railroad ya Marekani, kama ambavyo ingeonekana mwaka 1952, ikivutwa na injini ya mvuke ya aina ya K4s. Sikuchagua treni ya fahari. Nilitaka ile iliyobeba barua, vifurushi, wanajeshi wa likizo na familia zilizokwenda kutembelea jamaa, ile iliyosimama kwenye stesheni nyingi na ambayo wapiga picha za matangazo hawakuishughulikia sana.

Mapitio haya yanahusu seti ya mabehewa sita niliyoanza nayo, ambayo mtengenezaji wake sitamtaja, pamoja na mabehewa ya watengenezaji wengine niliyoyachunguza baada ya kugundua kwamba seti ile haingenifikisha nilikokusudia. Ubora wa plastiki na wembamba wa maandishi nimeutazama, lakini haukuwa kipimo changu kikuu. Kipimo kikuu kilikuwa swali hili: je, behewa hili lingeweza kuonekana nyuma ya injini hii, katika mwaka huu, likiwa limeunganishwa na behewa lile lililo mbele yake?

Nianze na seti yenyewe. Ndani ya boksi kuna behewa la mizigo, mabehewa mawili ya viti, behewa la chakula, behewa la kuba na behewa la mwisho lenye mgongo wa mviringo, ambalo abiria walikaa sebuleni humo wakitazama reli ikirudi nyuma. Yote yamepakwa wekundu uliokolea unaojulikana kama wekundu wa Tuscan, rangi iliyoitambulisha Pennsylvania kwa miongo mingi, na juu ya madirisha pameandikwa jina la kampuni kwa herufi za rangi ya dhahabu. Rangi imepakwa vizuri, haina michirizi, na herufi zinasomeka hata kwa kioo cha kukuzia. Ukiyaweka kwenye rafu kwa mpangilio, yanavutia sana. Mimi niliyanunua kwa sababu hiyo hiyo, na siku ile nilidhani kazi imekwisha.

Kosa la kwanza nililiona kwenye kuba. Behewa la kuba ni lile lenye chumba cha vioo juu ya paa, ambapo abiria hukaa juu zaidi na kuona pande zote, na lilisitawi hasa kwenye reli za magharibi mwa Marekani, ambako milima ni mirefu na nafasi ya juu ya reli ni kubwa. Pennsylvania haikuwahi kumiliki behewa la aina hiyo. Sababu yake haikuwa ubahili wala ukosefu wa mandhari. Treni zake za mashariki zilipita kwenye mahandaki ya chini ya mto Hudson kuingia New York, na sehemu kubwa ya njia hizo ilikuwa chini ya nyaya za umeme, kwa hiyo paa lililoinuka namna ile lisingepita salama. Kwa maneno mengine, behewa hili lina rangi ya kampuni na jina la kampuni, lakini umbo lake linakataliwa na handaki lenyewe. Hakuna mwaka ambao ningeweza kuuchagua ili kulihalalisha, na ndiyo maana naliona kuwa kosa zito kuliko yote yaliyomo katika boksi hilo: mengine yanaweza kujadiliwa, hili haliwezi.

Kosa la pili limo kwenye ubavu. Mabehewa yote sita yana ubavu wa migongo, mfano wa bati la kuezekea, kuanzia chini ya madirisha hadi ukingoni. Migongo hiyo ilikuwa alama ya kampuni ya Budd ya Philadelphia, iliyojenga mabehewa kwa chuma kisichoshika kutu na kuyaunganisha kwa mbinu yake ya kuchomelea kwa umeme iliyoitwa Shotweld. Kwa kuwa chuma chenyewe hakikuhitaji rangi, kwa kawaida kiliachwa king'ae. Mpinzani wake mkubwa, Pullman-Standard, alipotakiwa na wateja kutoa sura kama hiyo, mara nyingi alibandika karatasi za chuma cha namna hiyo juu ya muundo wa chuma cha kawaida, na baada ya miaka maji yaliyonaswa katikati yakaanza kula muundo wa ndani. Naeleza haya kwa sababu yana manufaa kwa mnunuzi: umbo la migongo ya Budd na la Pullman-Standard halifanani, na ukishazoeza jicho lako kwa picha chache za zamani utaweza kutambua ni mjenzi gani ambaye modeli inajaribu kumwiga, hata kama boksi halisemi lolote. Mabehewa mapya ya Pennsylvania ya baada ya vita yaliyopakwa Tuscan yalikuwa kwa wingi na ubavu laini. Mwaka 1952 ndio kampuni hiyo ilipopokea kutoka Budd mabehewa yanayong'aa kwa ajili ya treni za Congressional na Senator, na hayo yalibaki na rangi ya chuma, wekundu ukiwa ni ukanda tu juu ya madirisha. Seti yangu imechukua ubavu wa treni moja na rangi ya treni nyingine.

Kosa la tatu ni gumu zaidi kuliona, kwa sababu linafanana na sifa njema. Mabehewa yote sita yanalingana. Urefu ni mmoja, paa ni moja, umri ni mmoja. Wengi wetu tunapojenga treni tunatafuta mlingano huo na tunalipa zaidi ili kuupata. Lakini mlingano huo ulikuwa wa treni chache mno, zile zilizoagizwa kiwandani kwa mkupuo mmoja na kupewa jina. California Zephyr, iliyoanza safari Machi 1949 kati ya Chicago na Oakland, ilikuwa hivyo: mabehewa ya Budd, kila moja likiwa na jina linaloanza na neno Silver, na kuba 5 katika kila treni. Treni ya kawaida ilikusanywa uwanjani kutokana na kilichopo. Behewa la posta lililojengwa miaka ya 1920 lilifuatwa na la vifurushi lenye paa la duara, kisha viti vya zamani, kisha behewa jipya la kulala lililofika juzi. Mapaa yalipanda na kushuka. Mwenye kununua seti inayolingana ili ajenge treni ya kawaida anajiondolea mwenyewe kile kilichoifanya treni hiyo itambulikane.

Behewa la mwisho lenye mgongo wa mviringo nitalizungumzia kwa ufupi. Treni za usiku za kawaida hazikuwa na behewa hilo, kwa kuwa lilihitaji kugeuzwa kila mwisho wa safari na liliwazuia wafanyakazi kuongeza behewa nyuma yake njiani. Nililiondoa bila majuto.

Kuhusu utembeaji, seti ilinipa shida ambayo ingeweza kuepukwa kiwandani. Shirika la National Model Railroad Association, lililoundwa mwaka 1935, linapendekeza kwa HO kwamba gari liwe na uzito wa aunsi 1, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa halisi la futi 85 linapopunguzwa huwa na urefu wa karibu milimita 297, sawa na inchi 11.7, kwa hiyo uzito unaofaa ni karibu gramu 195. Yangu yalikuwa na gramu 120 hadi 130. Behewa jepesi namna hiyo likiwa karibu na injini, na nyuma yake kuna mengine saba, huvutwa kuelekea ndani ya kona hadi magurudumu yakaacha reli. Nililazimika kuyafungua na kubandika vipande vya risasi sakafuni, kazi iliyonichukua jioni tatu na ambayo haikupaswa kuwa yangu.

Urefu nao unastahili maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukubali modeli isiyo sahihi bila kujua wanachokubali. Behewa la futi 85 lina umbali wa futi 59 na nusu kati ya boji moja na nyingine (boji ni fremu ya magurudumu iliyo chini ya kila upande wa behewa), ambao kwa HO ni milimita 208. Kwenye kona yenye nusukipenyo cha milimita 457, ambayo ni ile kona kali inayouzwa ndani ya seti za kuanzia, katikati ya behewa huingia ndani ya kona kwa karibu milimita 12, na ncha zake hutoka nje kwa kiasi kama hicho. Kwenye kona ya milimita 762 hesabu hiyo inashuka hadi milimita 7 na kidogo. Tofauti ya milimita 5 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mezani ndiyo inayoamua kama ubavu wa behewa utagusa nguzo ya taa ya stesheni, kama treni mbili zitapishana bila kukwaruzana, na kama pengo kati ya behewa na behewa litafanana na treni au na mlolongo wa magari yaliyofungwa kamba. Kabla ya kununua chochote, pima kona yako iliyo kali kuliko zote. Jibu la swali la urefu liko mezani kwako.

Ni kwa ajili ya kona kali hizo ambapo Athearn, katika yale maboksi yake ya bluu yaliyowafundisha watu wa vizazi kadhaa mchezo huu, ilitengeneza mabehewa mepesi ya kisasa yenye urefu wa futi 72 badala ya 85. Mabehewa yake mazito ya zamani pia yalifupishwa. Sitayadharau. Kwa meza ndogo ni chaguo la busara, na treni nzima ikiwa ya kipimo hicho kimoja, jicho hulizoea haraka. Shida huanza unapochanganya. Nimejaribu kuliweka behewa la futi 72 katikati ya mawili ya futi 85, na idadi ya madirisha, nafasi ya milango na urefu wa paa vyote vilitangaza kwamba mmoja wao si wa familia. Kingine cha kuangaliwa ni kwamba mwili uleule uliuzwa kwa rangi za kampuni nyingi za reli, zikiwemo ambazo hazikuwahi kuwa na behewa la namna hiyo. Huo ulikuwa utaratibu wa biashara nzima katika miaka ile, wala haukuwa wa mtengenezaji mmoja, na unaeleweka: kutengeneza kalibu ya plastiki ni ghali, kupaka rangi ni rahisi. Mnunuzi anapaswa tu kukumbuka kwamba rangi iliyo juu ya plastiki si ushahidi wa historia.

Baada ya kuiweka seti pembeni nilianza upya, na safari hii nilianza na behewa la viti. Kwa Pennsylvania jina ni moja: P70. Hili ni behewa zito la chuma lililoanza kujengwa mwaka 1907, likajengwa kwa zaidi ya 1,000 kwa miaka iliyofuata, lenye urefu wa karibu futi 80 na paa la ngazi mbili lenye vidirisha vya hewa pembeni. Likikosekana hilo, treni ya kawaida ya kampuni hii haitambuliki. Lina pia alama moja ambayo modeli nyingi za jumla hukosea. Mabehewa mazito ya kampuni nyingine nyingi, pamoja na yale ya kulala ya Pullman, kampuni iliyoendesha mabehewa ya vitanda kwenye reli nyingi, yalikaa juu ya boji za ekseli tatu, ilhali P70 lilikaa juu ya boji za ekseli mbili. Ukikuta behewa zito la viti limeandikwa Pennsylvania na chini yake kuna ekseli sita, jua kwamba umeshika behewa la mtu mwingine.

P70 la mtengenezaji wa modeli Broadway Limited Imports ndilo nililolichagua, na ni ununuzi ninaoufurahia kuliko mwingine wowote katika treni hii. Umbo la paa ni sahihi, boji ni sahihi, na yako matoleo yenye kiyoyozi na yasiyo nacho, jambo ambalo kwa mwaka 1952 lina maana kubwa, kwa sababu kampuni ilikuwa imeyafanyia marekebisho baadhi ya mabehewa yake na mengine ikayaacha kama yalivyozaliwa. Nilichukua matatu: mawili yenye kiyoyozi na moja lisilo nacho, na lisilo nacho nikaliweka mbele, karibu na vifurushi, mahali ambapo abiria wa masafa mafupi waliketi. Yakisimama stesheni, tofauti ya mapaa yao inaeleza hadithi ambayo seti yangu ya kwanza isingeweza kuieleza kwa mabehewa yake yote sita.

Mbele ya treni ndiko mwenye mazoea ya kutazama treni za fahari anakopuuza, na ndiko mapato mengi ya treni za kawaida yalikotoka. Behewa la posta lilikuwa ofisi inayotembea: makarani walichambua barua usiku kucha, na mifuko ilinyakuliwa kwa ndoana stesheni ambazo treni haikusimama. Vyumba vya posta vilijengwa kwa vipimo vitatu vya kawaida, futi 15, futi 30 na futi 60, kulingana na wingi wa barua za njia husika. Kwa hiyo usinunue behewa la posta la futi 60 kwa ajili ya reli ndogo ya tawi. Huko kulikuwa na chumba cha futi 15 tu ndani ya behewa lililogawanywa na mizigo. Na ukijenga treni ya miaka ya 1970, fahamu kwamba posta ya Marekani ilifuta mikataba mingi ya mabehewa hayo mwaka 1967, na treni nyingi za abiria zikafa muda mfupi baada ya hapo, kwa kuwa nauli peke yake haikutosha kuziendesha. Mwaka wangu ni 1952, hivyo posta ipo, na ipo karibu na injini.

Kwa vifurushi nilitumia B60b, behewa la futi 60 lenye paa la duara na madirisha ya mviringo milangoni, ambalo Walthers imelitoa kwa HO. Hapa sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba ni sahihi na kwamba mawili yanatosha. Urefu wake mfupi ukifuatwa na P70 unavunja mstari wa paa mahali panapofaa. Madirisha yale ya duara hayafanani na kitu chochote kwenye reli nyingine, na mtu anayeijua Pennsylvania atalitambua behewa hilo akiwa upande wa pili wa chumba.

Behewa la kulala lilinipa kazi kubwa zaidi ya kufikiri. Kwa muda mrefu behewa zito la kulala lililopatikana kwa urahisi katika HO lilikuwa la Rivarossi ya Italia, mfano wa lile la Pullman lenye sehemu 12 za vitanda vya kukunjwa na chumba kimoja cha faragha. Mpango huo wa 12 na 1 ndio uliokuwa mwingi kuliko wote katika kundi la Pullman, kwa hiyo lilikuwa chaguo la hekima kwa mtengenezaji, na hadi leo urefu na uwiano wake unalifanya lifae. Matoleo ya zamani yana kingo za magurudumu zenye kina kirefu ambazo hugonga misumari ya reli nyembamba, lakini kubadilisha magurudumu ni kazi ya nusu saa. La kuangaliwa kwa makini zaidi ni paa na maandishi. Katika miaka ya 1930 Pullman iliyaweka viyoyozi mabehewa yake mengi, na mifereji ya hewa ikafunika sehemu ya zile ngazi mbili za paa, kwa hiyo paa safi lisilo na mifereji linakurudisha nyuma ya mwaka wangu kwa muda mrefu. Tena, baada ya kesi ya kuzuia ukiritimba, shughuli za Pullman ziliuzwa kwa kampuni za reli zenyewe mwaka 1947, na kwenye mabehewa mengi jina la kampuni ya reli likachukua nafasi ya katikati juu ya madirisha, neno Pullman likisogea pembeni kwa herufi ndogo. Behewa lenye neno PULLMAN kwa herufi kubwa katikati linapendeza, ila linakuelekeza zaidi kwenye miaka ya kabla. Nililipaka langu upya na kubandika stika za maandishi, kisha nikaongeza mifereji ya paa kwa karatasi ya plastiki.

Watu huniuliza kwa nini sikununua tu Broadway Limited, treni ya fahari ya Pennsylvania ya New York hadi Chicago, ambayo Walthers imeitoa kwa HO na Kato kwa skeli ndogo ya N. Kama mtu anataka treni ile, seti hizo ndizo za kununua, na nasema hivyo bila kusita: zimejengwa kwa kuanzia treni halisi na mwaka halisi, kisha mabehewa yakafuata, ambao ndio mpangilio ninaoutetea hapa. Kato imefanya vivyo hivyo kwa California Zephyr, na Rapido kwa The Canadian ya Canadian Pacific, iliyoanza Aprili 1955. Kinachotakiwa ni kuheshimu mipaka ya seti. Broadway Limited ilikuwa treni ya vitanda peke yake hadi mwaka 1967. Ukiichukua seti hiyo ukaitia P70 mbili kwa sababu unazo, umeiharibu, ingawa kila behewa peke yake ni sahihi. Abiria wa viti waliotoka New York kwenda Chicago walikuwa na treni yao, Trail Blazer, tangu mwaka 1939. Behewa sahihi katika treni isiyo yake ni kosa lilelile la kuba, isipokuwa limejificha vizuri zaidi.

Mpangilio nao una mantiki yake, wala haukuwa wa bahati nasibu. Posta na vifurushi vilikaa mbele, ambako milango yake ilifunguliwa kila stesheni na kelele yake haikuwafikia waliolala. Viti vilifuata. Behewa la chakula lilikaa kati ya viti na vitanda ili wa pande zote mbili walifikie bila wa viti kupita kwenye korido za vyumba vya kulala. Vitanda vilikuwa nyuma, mbali na injini. Treni yangu ina posta moja, B60b mbili, P70 tatu, behewa la chakula la D78 ambalo tofauti na P70 lina boji za ekseli tatu, na la kulala la 12 na 1. Ni mabehewa 8, urefu wake mezani ni mita 2 na robo bila injini, na K4s yangu inaivuta bila taabu kwenye tambarare.

Nafasi ya tisa niliiacha wazi kwa miezi miwili. Nilikuwa nimesoma kwamba katika miaka ile kulikuwa na mabehewa ya kulala yaliyosafiri kutoka pwani hadi pwani bila abiria kubadilisha behewa, na kwamba Pennsylvania ilimiliki moja la chuma king'aacho, lililopewa jina la Silver Rapids ili lifanane na wenzake wa California Zephyr, ambalo upande wa mashariki lilitembea ndani ya treni za Pennsylvania zenyewe. Behewa la fedha katikati ya wekundu mtupu: mgeni yeyote akiliona kwenye meza yangu atadhani nimekosea. Kwa treni ya kawaida kama yangu nakiri kwamba ninalipitisha kwa siku za pekee tu, nyuma kabisa, baada ya 12 na 1, kwa kuwa mahali pake hasa palikuwa kwenye treni kubwa za Chicago. Lakini mwaka unakubali, mwenye mali anakubali, na ubavu wa migongo wa Budd hatimaye umepata behewa linalostahili kuwa nao. Nililitengeneza kutokana na behewa la kulala la Budd nililolinunua bila rangi wala maandishi, na katika kazi yote ya mwaka huu hakuna stika niliyoibandika kwa uangalifu kama jina lile.

Kwa atakayeuliza kama seti ya kwanza inafaa kununuliwa: kwa treni ya Pennsylvania, haifai kwa mwaka wowote. Kwa anayetaka miili ya mabehewa ya aina ya Budd kwa bei ya chini, akiwa tayari kuondoa rangi na kuongeza uzito, ina thamani. Behewa lile la kuba sikulitupa. Lilichukuliwa na rafiki anayejenga njia ya kampuni ya reli ya Burlington, ambako kuba zilipita kila siku bila handaki la kuzizuia, naye amekwisha kuliondoa wekundu wote.